Seokguram au Seosan: Buddha yupi wa jiwe umwone kwanza ukiwa Korea

Rafiki yangu mmoja, fundi wa nakshi za milango kutoka Lamu, alikuja Seoul kwenye maonyesho ya samani akabakiwa na siku moja kabla ya safari ya kurudi. Akanipigia simu: "Ndugu yangu, nataka kuiona ile Buddha ya jiwe ya kale. Nielekee wapi?" Bila kufikiri nikamwambia, nenda Seokguram. Akaenda, akarudi usiku ameridhika nusu. "Ni nzuri mno," akasema, "lakini nimeitazama kwa kioo, dakika chache, na nyuma yangu watu wanangoja zamu."

Nilijilaumu. Huyu ni mtu aliyeshika patasi tangu utotoni. Alichotaka kuona ni mkono wa mchongaji, namna chuma kilivyopita juu ya jiwe. Ningempeleka Seosan. Tangu siku ile, nikiulizwa swali hilo, kwanza nauliza kwa upole: unataka kuona nini hasa? Sanamu hizi mbili ni kilele cha uchongaji wa Korea, zote zimeorodheshwa kuwa Hazina za Taifa, lakini zinampa mtazamaji vitu viwili tofauti kabisa.

Jiwe lenyewe

Huwezi kuzilinganisha vizuri bila kujua jiwe. Kule China, mapango ya Longmen yalichimbwa kwenye mawe ya chokaa na yale ya Yungang kwenye jiwe la mchanga. Mawe hayo ni laini kiasi, fundi anaweza kuingia ndani ya mlima akatoa ukumbi mzima wenye sanamu. Korea jiwe lililojaa milimani ni itale, au graniti kama wengi tunavyoiita, jiwe la aina ileile ya miamba mikubwa ya Mwanza. Lina chembe kubwa na ni gumu. Patasi ikikosea linamomonyoka vipande usivyovitaka, na mkunjo mwembamba wa nguo unadai siku nyingi za kugonga taratibu. Watu wa pwani waliozoea tumbawe, jiwe linalochongeka kirahisi likiwa bichi kutoka baharini, wataelewa nikisema itale ni mwisho mwingine kabisa wa kazi.

Kuchimba pango kubwa ndani ya itale kulikuwa kazi ngumu mno kwa vifaa vya wakati ule. Wakorea walioipenda fikra ya pango la Buddha, iliyotoka India ikapita China, walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga usoni mwa mwamba, nje, juani. Hiyo ndiyo Seosan. Ya pili ni kukata mawe mamia, kuyajenga yawe pango, kisha kuyafunika kwa udongo ili yaonekane ni sehemu ya mlima. Hiyo ndiyo Seokguram. Tofauti nyingine zote, za sura, mwanga na hata safari ya kufika, zinatokana na hapo.

Seokguram: utulivu uliopimwa

Seokguram iko Gyeongju, mji mkuu wa zamani wa ufalme wa Silla, kwenye mlima Toham wenye kimo cha mita 745. Ujenzi ulianza mwaka 751, enzi za mfalme Gyeongdeok, chini ya Kim Dae-seong, mkubwa wa serikali ya Silla. Inasimuliwa kwamba alijenga hekalu la Bulguksa, lililoko chini ya mlima huohuo, kwa ajili ya wazazi wake wa maisha haya, na Seokguram kwa ajili ya wazazi wake wa maisha yaliyotangulia. Alifariki mwaka 774 kazi haijakwisha, serikali ikaimalizia. Mwaka 1995 UNESCO iliviingiza vyote viwili, pango na hekalu, katika Urithi wa Dunia.

Buddha ameketi katikati ya chumba cha duara chenye kuba. Sanamu ina kimo cha takriban mita 3.5, juu ya kiti cha petali za yungiyungi chenye mita 1.34. Mkono wa kushoto umelala mapajani kiganja juu. Wa kulia umeshuka juu ya goti, vidole vikielekea chini. Hiyo ni ishara ya kuigusa ardhi: Buddha alipojaribiwa usiku alipopata mwangaza wa kiroho, aliiita ardhi iwe shahidi. Tazama jinsi mkono huo ulivyo mlegevu. Vidole vimekaa kwenye mguu kama vya mtu aliyepumzika tu, na bado unaelewa kwamba jambo zito limetendeka.

Bega la kulia li wazi. Vazi limepita bega la kushoto na kushuka kifuani kwa mikunjo myembamba hivi kwamba chini yake unaona kifua kikivuta pumzi. Macho yamefumbwa nusu. Midomo imefungwa, haitabasamu wala haina ukali. Wanazuoni wamebaini kwamba vipimo vya sanamu hii vinalingana na vile mtawa wa Kichina Xuanzang alivyoviandika katika karne ya 7 juu ya Buddha aliyemwona Bodh Gaya, India. Kwa hiyo utulivu ule haukuja kwa bahati. Mabega, magoti na kimo vilihesabiwa kabla nyundo ya kwanza haijagonga.

Kuna jambo moja ambalo mgeni hulipita bila kuliona. Duara la nuru nyuma ya kichwa halijashikana na sanamu. Limechongwa kwenye ukuta wa nyuma, mbali na kichwa, na ukisimama mahali pa mwabudu mbele ya chumba, vitu hivyo viwili vinakutana, kichwa kinaingia katikati ya duara barabara. Ukisogea, vinaachana. Mafundi wa Silla walijua mtu atasimama wapi na macho yake yatakuwa kimo gani. Nyuma ya Buddha, pasipoonekana kirahisi, yuko Avalokitesvara, kiumbe wa huruma wa Kibuddha, mwenye vichwa kumi na kimoja, na pembeni wanafunzi kumi wa Buddha, wembamba, kila mmoja na sura yake. Mimi nadhani Avalokitesvara yule ndiye kazi laini kuliko zote pangoni, na wengi wanaondoka bila kumwona.

Kuba nalo lina kisa. Halina saruji. Mawe yamepangwa kwa mzunguko, na kati yake yamechomekwa mawe marefu ambayo vichwa vyake vinatokeza ndani kama misumari mikubwa, yakishikilia mengine kwa uzito wake. Jiwe la juu kabisa, la kufunga kuba, limepasuka vipande vitatu. Simulizi la kale linasema lilipasuka likiwa linaandaliwa, Kim Dae-seong akalala kwa uchungu na hasira, na usiku miungu ikashuka ikaliweka mahali pake. Nyufa zile zipo hadi leo, na kuba limesimama zaidi ya miaka 1,200.

Kilicholiumiza pango si miaka bali matengenezo. Kati ya 1913 na 1915, wakati wa utawala wa Kijapani, lilibomolewa na kujengwa upya likiwa limevikwa gamba la zege. Pango lililokuwa likipumua likaacha kupumua. Unyevu ukaanza kutuama juu ya michongo, kuvu ikaota. Katika miaka ya 1960 serikali ya Korea ilifanya matengenezo mengine, ikaongeza kuba la nje na chumba cha mbao mbele, na hewa ya ndani ikaanza kudhibitiwa kwa mashine. Ndiyo maana leo kuna ukuta wa kioo kati yako na Buddha, na kupiga picha ndani ni marufuku. Mimi sikilaumu kioo hicho. Kinaokoa jiwe. Lakini ni lazima ukijue kabla ya kufunga safari, kwa sababu hutazunguka sanamu, hutaona jua likiingia, na siku za wikendi hutasimama pale kwa muda unaoutaka.

Seosan: uso unaobadilika

Seosan iko upande wa pili wa nchi, magharibi, katika mkoa wa Chungcheong Kusini. Ndani ya bonde la Yonghyeon-ri, kwenye mlima Gaya, unavuka daraja dogo juu ya kijito, unapanda ngazi za mawe kati ya miti, na ghafla mwamba uko mbele yako. Watatu wamechongwa humo: Buddha amesimama katikati, kimo kama mita 2.8, na pembeni mwake bodhisatva wawili, yaani walioukaribia ubuddha wakabaki ili wawasaidie viumbe wengine.

Kazi hii ni ya mwisho wa karne ya 6 au mwanzo wa karne ya 7, zama za ufalme wa Baekje, kwa hiyo imeitangulia Seokguram kwa zaidi ya miaka 100. Bonde hili lilikuwa njiani kati ya bandari za rasi ya Taean, palipoingia meli kutoka China, na mji mkuu wa Baekje, ambao leo ni Buyeo. Wasafiri, wafanyabiashara na watawa walipita hapa. Baekje ilianguka mwaka 660, njia ikafa, bonde likasahauliwa.

Wataalamu waliufikia mchongo huu mwaka 1959, na kisa cha kufikiwa kwake nakipenda kuliko vyote. Inasimuliwa kwamba mtu wa makumbusho ya Buyeo alikuwa akitafuta mabaki ya kale eneo hilo, akamuuliza mzee mkata kuni kama amewahi kuona sanamu za Buddha mlimani. Mzee akajibu kwamba Buddha hajamwona, ila kuna mungu wa mlima kwenye mwamba, anacheka, na ana wake wawili. Mke mdogo amekaa mguu juu ya goti, kidole shavuni, anamchokoza mwenzake. Mke mkubwa ameshika jiwe, yuko tayari kumrushia.

Ukifika pale na kisa hicho kichwani, utaona mzee alitazama vizuri kuliko wengi wetu. Upande wa kulia kwako kweli ameketi bodhisatva mguu umepandishwa, kidole kimegusa shavu: ni mkao wa kutafakari, uliopendwa sana Korea karne zile. Upande wa kushoto amesimama mwingine, ameshika kito kwa mikono miwili kifuani. Na wa katikati anacheka. Uso ni wa mviringo, mashavu yamejaa, macho yako wazi kama tunda la lozi, midomo imeachana kidogo. Wakorea wanauita "tabasamu la Baekje". Mkono wa kulia umeinuliwa, kiganja mbele: usiogope. Wa kushoto umeshushwa, kiganja mbele: omba, utapewa. Silla ya karne ya 8 ilichonga Buddha ambaye unanyamaza mbele yake. Huyu wa Baekje ni mtu ambaye ungemwamkia.

Sasa mwanga. Mwamba umeelekea kusini-mashariki na umeinama mbele kidogo, kama nyuzi 80, huku jiwe la juu likitokeza kama upenu. Mvua haiupigi moja kwa moja. Ndiyo sababu, baada ya miaka karibu 1,400 ya baridi na masika, pua na midomo bado vina ncha. Asubuhi jua linampiga usoni, mashavu yanafura, anacheka wazi. Jua likipanda, mwanga unaanza kutoka juu, kivuli kinaingia chini ya kope na chini ya mdomo wa chini, na kicheko kinarudi ndani, kinabaki upole. Jiwe ni lilelile, lakini nimeondoka pale mara mbili nikiwa na hakika nimeona watu wawili.

Seosan nayo iliwahi kuumizwa na nia njema. Mwaka 1965 ilijengewa banda la mbao ili kulindwa. Banda likazuia jua na kushika unyevu, na kwa miaka mingi mlinzi alilazimika kubeba taa, akiizungusha mbele ya sura ili wageni waone tabasamu likibadilika. Miaka ya 2000 banda liliondolewa, mwamba ukarudishiwa asubuhi zake. Hapa ndipo hizi mbili zinapoachana kwangu: jeraha la Seosan liliweza kufunguliwa, la Seokguram bado limefungwa kwa kioo.

Safari, mfuko na magoti

Kwa usafiri, Seokguram inashinda bila ubishi. Treni ya mwendo kasi kutoka Seoul hadi Gyeongju huchukua saa mbili na kidogo, kisha basi hadi Bulguksa, na kutoka hapo basi namba 12 linakupandisha karibu na pango. Baada ya lango unatembea kama dakika kumi kwenye njia ya udongo iliyo karibu tambarare, kivulini. Tangu Mei 2023 kiingilio cha Bulguksa na cha Seokguram kimefutwa. Ukiwa na wazee au watoto, siku moja inatosha kuona pango, hekalu na makaburi ya wafalme mjini.

Seosan treni haifiki. Unapanda basi kutoka Seoul, kisha mabasi ya mjini kuelekea bondeni, ambayo ni machache, au teksi. Ngazi zipo, si nyingi, lakini magoti mabovu yatazisikia. Kuingia ni bure na kupiga picha ni ruhusa. Siku za kazi asubuhi unaweza kukaa peke yako nusu saa nzima. Karibu na hapo kuna uwanja wa hekalu lililobomoka la Bowonsa, wenye mnara wa mawe katikati ya nyasi. Pitia, hasa kama umekodi gari.

Kote kuwili ni mahali pa ibada. Hakuna atakayekulazimisha kusujudu, uwe Mwislamu au Mkristo. Ongea kwa sauti ya chini, usipite mbele ya anayesali, na mwamba usiuguse.

Kama hizo mbili si zako

Kuna wanaotaka ukubwa. Hao nawatuma Nonsan, hekalu la Gwanchoksa, aliko Mireuk (Buddha ajaye) wa Eunjin, mwenye mita 18.12, aliyeanzwa karibu mwaka 970 na kumalizwa 1006 na mtawa Hyemyeong, zama za ufalme wa Goryeo. Kichwa ni kikubwa mno kwa mwili, taji ni refu, mboni zimetiwa jiwe jeusi. Kwa muda mrefu wasomi walimsema kuwa hana uwiano. Mwaka 2018 alipandishwa kuwa Hazina ya Taifa, na mimi nilifurahi, kwa sababu nguvu yake iko kwenye kutojali uwiano huo. Inasimuliwa kwamba mafundi walishindwa kupandisha vipande vya juu hadi walipoona watoto wakicheza: wakisimamisha kipande cha udongo, wakakizungushia mchanga hadi juu, wakaviringisha kingine kwenye mteremko. Ukumbi wa ibada ulio mbele yake hauna sanamu ndani, una dirisha tu, na dirishani ni yeye.

Wanaotaka kupanda mlima waende Gatbawi, kwenye mlima Palgongsan, ambako Buddha amevaa jiwe bapa kama kofia. Kutoka upande wa mji wa Daegu ni ngazi 1,365. Mwezi wa Novemba, mtihani wa kuingia vyuo vikuu ukikaribia, akina mama hujaa pale wakiwaombea watoto wao, na hutapata nafasi ya kutazama mchongo.

Nani aende wapi

Ni mara yako ya kwanza, huna gari, unapenda ujenzi na hesabu zake, unataka siku iliyojaa: Seokguram, na ufike mapema kabla ya mabasi ya shule. Simama katikati, tafuta kwanza duara la nuru na kichwa, kisha mkono wa kulia. Unachonga, unachora, unapiga picha, au unataka tu kukaa na uso mmoja mpaka uuzoee: Seosan, kati ya saa tatu na saa sita mchana, siku ya jua. Siku ya mawingu usiende Seosan, nenda Gyeongju, kwa kuwa pangoni mwanga ni wa taa na haubadiliki. Mimi binafsi ningechagua Seosan, hata kwa aliyebakiwa na siku moja tu, akiwa tayari kuamka alfajiri.

Mwaka uliofuata Fundi alirudi na maonyesho yaleyale, tukapanda basi la kwanza pamoja. Pale mwambani hakusema kitu kwa muda mrefu. Akawa anasogea hatua moja kulia, hatua moja kushoto, kidole gumba kikipita hewani kama kinafuata ukingo wa shavu. "Unaona," akaniambia, "pembe za mdomo hakuzichonga kwa ndani. Amepunguza shavu taratibu mpaka mdomo ukajitokeza wenyewe. Mlango wa mbao ungenisamehe nikikosea. Hili halisamehi." Kisha akauliza jua litafika lini juu ya ule upenu, akatafuta jiwe la kukalia, akangoja.